Mpiga Mayai wa Wawi

Jua limeshaingia uani, Wawi nzima imeamka, na nyumba ya Pandu Jecha bado imefungwa komeo. Ndani inasikika sauti moja tu, ya waya ukikwaruza bakuli: chwa, chwa, chwa, bila kupumzika.

"Hodi, Bi Mwanapili!" anaita jirani kutoka njiani. "Vipi leo, mlango haufunguki?"

"Karibu, shangazi! Niko kazini, mikono ina unga!" anajibu Mwanapili.

Mikono ina unga kweli, hasemi uongo. Anachekecha unga wa mkate wa mayai ambao Ruqaiyabai, mwenye duka la vitambaa mjini Chake Chake, ameuagiza kwa ajili ya wageni wake. Lakini anayepiga mayai si yeye. Aliyekaa juu ya kibao cha mbuzi, bakuli kati ya magoti, jasho linamtiririka mpaka kifuani, ni mumewe.

Ndiyo, Pandu. Pandu yule yule ambaye siku ya mchezo wa ng'ombe zumari likilia huingia uwanjani na kipande cha kitambaa mkononi, fahali akamjia pembe chini, naye akamkwepa kwa upana wa kiganja. Wanawake humpigia vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Mwanamume huyo ndiye anayepiga mayai, na hilo, asubuhi hii ya mwaka 1959, watu wawili tu duniani wanalijua.

"Mtu akijua, nimekwisha," anasema Pandu, mkono hausimami. "Watasema nimelishwa limbwata."

"Limbwata gani na weye hata kula hujala?" Mwanapili anamjibu, na wote wawili wanacheka kwa kuziba midomo.

Kufunga mlango hakukuwa wazo la Mwanapili. Alipoolewa kutoka Msuka, kaskazini kabisa ya kisiwa, alikuja na kifundo cha mkono kibovu. Msimu wa karafuu kabla ya harusi tawi lilimkatikia, akaanguka, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia hauwezi kazi ndefu. Mkate wa mayai nao hauna huruma. Mayai na sukari yapigwe mpaka yawe meupe na mazito, na yapigwe na mkono wa mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo mama yake alivyomfundisha: mkono ukibadilika katikati, mayai yanarudi kuwa maji, na mkate unakaa chini.

Wiki ya kwanza ya ndoa Pandu alimkuta mkewe analia juu ya bakuli. Akalichukua. Akavunja mayai mengine, akapiga yeye tangu mwanzo. Siku ile mkate uliumuka ukagusa mfuniko wenye makaa.

"Nilimtazama nikasema, ee Mola, mume gani huyu umenipa," anakumbuka Mwanapili. "Nilitaka kutoka nje nikawaite watu."

Hakuwaita. Pandu alimkataza. Tangu hapo sifa zote ni zake yeye: Bi Mwanapili mkono wa dhahabu, Bi Mwanapili fundi. Kila anaposifiwa anashukuru, anainamisha uso, na moyoni anajiona mwizi.

Maisha yao hayana nafasi ya kukaa. Asubuhi Pandu huenda mjini kushona katika duka la Ramji. Mwanapili hubaki na vileja, visheti na mikate ya watu. Ikifika Jumamosi, cherehani na sufuria vyote vinawekwa pembeni. Mke hupanda nyuma ya baiskeli, buibui amelikunja vizuri lisiingie kwenye mnyororo, na safari inaanza: leo mpira, kesho taarabu ya harusini, wiki ijayo ng'ombe. Wenye midomo husema wawili hawa nyumba yao ni ya kulalia tu.

"Waseme," anasema Mwanapili. "Mie sikuolewa nikatunze mlango."

Safari ya siku hii, baada ya mkate wa Ruqaiyabai kutoka motoni na kupelekwa, ni ya Gando. Mzee Jecha, baba yake Pandu, anasoma maulidi kila mwaka nyumbani kwake, na kila mwaka husema neno moja: mkate wa siku hiyo upikwe nyumbani kwake, kwa mayai ya kuku wake, na mkwe wake. Ameshawaalika watu kwa mkate huo zaidi kuliko alivyowaalika kwa maulidi yenyewe, Mungu amsamehe. Naye si mtu wa kuchezewa. Enzi zake alikuwa mchezaji wa ng'ombe mwenye jina kutoka Gando mpaka Wete, na mwanamume wa jikoni kwake ni kichekesho.

Wanafika adhuhuri kwa gari la abiria, miguu imekufa ganzi. Bakuli, sukari na mayai kumi na mawili yanaingizwa katika chumba walichopewa wao. Mlango unafungwa. Pandu anaanza: chwa, chwa, chwa. Mwanapili amekaa karibu na mlango, anatega sikio.

Mayai ndiyo kwanza yameanza kuwa meupe pale sauti ya Mzee Jecha ilipovuma ukumbini. "Pandu! Pandu wee! Wageni wamefika, njoo uwapokee!" Na nyayo zikaja moja kwa moja mpaka mlangoni.

Mbele ya fahali Pandu hajapata kupaparika hivyo. Alimtupia mkewe bakuli mapajani, akafuta jasho kwa kanzu, akatoka.

Mwanapili alibaki na kipigio mkononi. Alijua. Kifundo kikaanza kuwaka moto, mayai yakaanza kulegea mbele ya macho yake, akaendelea hivyo hivyo kwa kuwa nje watu wanasubiri. Akatia unga na iliki, akamimina, akapanga makaa ya vifuu chini na juu ya mfuniko, akaomba dua zote anazozijua.

Mkate ulitoka mwembamba kama chapati.

Maulidi yakasomwa, uvumba ukafukizwa, sinia zikapita barazani. Wageni walitafuna kwa adabu, polepole, kila mtu akitazama kikombe chake cha kahawa. Mzee Hamad, rafiki wa Mzee Jecha tangu ujana, alikiinua kipande chake, akakigeuza, akakirudisha kwenye sinia.

Mzee Jecha akageuka kuelekea pazia la ukumbini. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mwanangu Mwanapili. Leo mkate umetufanyaje?"

Nyuma ya pazia Mwanapili alikuwa na la kusema, tena la kweli. Neno moja tu lingemtoa. Badala yake alisema, "Ni mkono wangu, baba. Nimekosa mie. Nisameheni."

Pandu alikuwa amesimama katikati ya wageni na birika la kahawa.

"Nilisikia sauti ya mke wangu ikitetemeka," anasimulia sasa. "Nikasema moyoni, Pandu, weye ni mume wa namna gani? Siku ya ng'ombe unajitia kifua mbele, leo umejificha nyuma ya mwanamke."

Akaliweka birika chini. "Baba, si yeye," alisema. "Mpiga mayai ni mimi. Leo nilikuwa napiga, ulipokuja mlangoni nikaona haya, nikamwachia katikati. Mkate umeharibika kwa sababu yangu."

Kijana mmoja aliguna kwa kicheko, akakimeza haraka alipouona uso wa Mzee Jecha.

"Leo tu?" akauliza mzee.

"Siku zote, baba. Tangu tulipooana. Mkate wote uliousifu kwa watu, mayai nimepiga mie, na kupika kapika yeye."

Mzee Jecha alisimama. Mwanapili, nyuma ya pazia, anasema aliona ndoa yake inakwenda na maji hivi hivi, kwa sababu ya bakuli.

"Mayai mengine yapo kapuni," mzee alisema. "Mwanangu Mwanapili, mpe mumeo bakuli. Na weye Pandu, kaa kitako hapa hapa barazani. Kama wajua, tukuone."

Pandu akakaa, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, kanzu ameikunja magotini. Mwanzo mkono ulikuwa mzito. Kisha ukapata mwendo wake. Mzee Hamad, ambaye zumari la mchezo wa ng'ombe amelipuliza maisha yake yote, akaanza kuivumisha puani ile sauti ya zumari ya kumfungulia fahali, mtu mmoja akapiga kofi, wa pili akafuata, na wanawake ndani wakashindwa kujizuia, vigelegele vikapaa.

"Usiyape nafasi, yakhe! Yanakuja hayo!" akapiga kelele mmoja.

"Mkwepe! Mkwepe!"

Mayai yakawa meupe, yakapanda, yakajaa bakuli. Mzee Jecha aliinama akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaunyanyua mkono wa mwanawe juu, kipigio kikidondosha povu kwenye kanzu yake safi ya maulidi, akawaonyesha watu.

"Mnauona mkono huu?" alisema. "Wangu huu. Mimi ndiye niliyeuzaa."

Mkate wa pili waliula moto, wakagombea vipande vya pembeni. Wakati wa kuaga, Mzee Jecha alilisogelea pazia, akasema taratibu, "Mwanangu, uliubeba mzigo usiokuwa wako. Sitosahau."

Mwanapili anapolieleza hilo anajifuta macho kwa ncha ya leso, kisha anacheka na kujiita mjinga.

Maneno yamesemwa, tusidanganyane. Wapo waliomwita Pandu mpiga mayai njiani, na wapo wanaomwita hivyo mpaka leo. Siku hizi anaitika. Wapo pia waume wawili watatu wa Wawi waliokuja jioni, kwa kujizungusha, kuuliza waya wa kipigio hupindwa vipi.

Sasa wanandoa hawa wana shabaha. Idd ijayo wanataka meza yao ya mkate kiwanjani Chake Chake, pale penye bembea na wauza juisi. Pandu anatafuta mbao, Mwanapili amekwishachagua kitambaa cha kutandika. Yeye atasimama kwenye moto, mume atakaa mbele na bakuli.

"Huoni haya mbele ya Chake Chake nzima?" anaulizwa Pandu.

"Haya niliiona Gando, ikanitosha."

Mwanapili anasikiliza huku akipepea makaa.

"Mie sitaki meza kwa ajili ya kuuza tu," anasema. "Nataka mtu ale mkate wangu, aulize kapika nani, nami nimjibu bila ya kuutazama mlango: mimi na mume wangu."