Ndoo ya Wategaji

Katika zahanati ya mgodi wa dhahabu nilikofanya kazi ya udresa, yaani kufunga vidonda na kumsaidia daktari, kule Geita, kila aliyeumwa alihesabiwa mwongo kwanza. Dresa niliyempokea kazi alinifundisha hivi: mtu akilalamikia maumivu yasiyoonekana, mbebeshe ndoo ya maji azunguke jengo mara mbili. Anayetega kazi, akifika mzunguko wa pili, husahau upande aliosema unauma.

Sikusomea kazi ile. Nilianza kwa kufagia, nikajifunza katika kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi pembeni. Niliogopa kukosea kiasi kwamba kila mgonjwa nilimhesabu mapigo ya mshipa mara tatu.

Wiki ile paa la njia moja ya chini ya ardhi lilikuwa limepasuka, na wachimbaji wengi waliamka na migongo mibovu. Nilimshuku kila mmoja. Asubuhi moja akaja nyapara wao, mtu mzima kutoka Kishapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mkono wake ulikuwa kifuani. "Kiungulia tu. Kinanibana hapa, kinapanda mpaka kwenye taya. Na mkono wa kushoto mzito."

"Hata wewe, mzee? Paa limekutisha?"

"Kijana, nilikuwa nashuka humo shimoni wewe ukichunga ndama."

Benchi zima la wagonjwa waliosubiri likacheka. Kicheko kile kiliniuma. Nikamwonyesha ndoo.

Ninaungama: ukurasa wa ugonjwa wa moyo niliujua kwa kichwa. Kifua kubanwa, taya, mkono wa kushoto, vyote vilikuwamo. Lakini picha yake ilikuwa ya Mzungu mnene aliyeketi kitini, nami niliamini ugonjwa ule ni wa watu kama yeye.

Alipofika kona ya kwanza aliitua ndoo polepole, akaketi chini. Nikamfuata nikijiambia kwamba huyu anajua kuigiza. Nikamgusa shingo. Ilikuwa imelowa jasho, tena la baridi, na midomo imekuwa rangi ya majivu. Mshipa ulipiga, ukanyamaza, ukapiga tena. Jasho la namna ile haliigizwi.

"Amelishwa kitu!" alipiga kelele mwenzake mmoja, tayari ana kikombe cha maji ya chumvi. "Tumtapishe!"

"Asinywe kitu! Asisimame! Ni moyo!" nikapaza sauti.

"Moyo? Si wewe uliyembebesha ndoo?"

Tulimbeba kwa machela, nikamlaza nusu ameketi, nikamlegeza mkanda na kufungua dirisha. Dawa ya kutuliza maumivu makali, mofini, ilikuwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao daktari, aliyekwenda mgodi wa pili. Nikamtuma dereva wa lori amfuate. Kazi yangu iliyobaki ilikuwa kumzuia mzee asijiinue na wenzake wasimchukue kwa mfumu wao, mganga wa kwao. Nilisimama mlangoni.

Nyapara akanitazama muda mrefu.

"Umetia nini katika ile ndoo?"

"Maji tu, mzee."

"Maji hayafanyi hivi."

Daktari alifika adhuhuri. Akamchoma sindano, na uso wa mzee ukalegea. Kisha akaniuliza kama mgonjwa alitembea baada ya maumivu kuanza. Watu wa benchi walikuwa wamejazana dirishani, wakisubiri niseme uongo.

"Nilimtembeza mimi," nikasema. "Na mzigo mkononi."

Akaagiza mzee alale wiki sita, asishuke kitandani hata kwenda chooni.

Akapona. Lakini wiki zote zile alikula kutoka mikononi mwa mkewe peke yake, na kila niliponyoosha mkono kumpima aliuficha wake chini ya blanketi. Ikabidi nisubiri mchana asinzie, ndipo nihesabu mapigo yake. Hata hapo, ngumi yake ilikuwa imefumbwa.