Kaleli Anafundishwa Kukaa

Kaleli ni mtu ambaye hata akilala mgonjwa, mguu mmoja huendelea kutembea. Hapa Kimbo tunamjua. Ukisimamisha mkokoteni ufunge kamba ya kiatu, ukiinuka unampata ameshaanza kuusukuma, na hajakuuliza unaelekea wapi. Alitoka Matuu akiwa kijana, akavuna mananasi Thika, akachanganya simiti kwenye majengo ya Ruiru, kisha akawa askari wa usiku katika ploti moja ya nyumba za kupangisha. Hapo amekaa miaka kumi na tisa. Mkewe, Ndinda, huuza mboga sokoni mchana, kwa hivyo hao wawili wamekuwa wakikutana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, wakikabidhiana ufunguo kama wapangaji wasiojuana.

Mwaka huu akasikia kuna ghala la chakula cha mifugo, kule karibu na barabara ya bypass, linatafuta askari wa mchana. Sharti lilikuwa moja: aje na mbwa wake, na huyo mbwa awe mtulivu, maana malori huingia na kutoka kutwa nzima. Meneja, bwana mmoja anayeitwa Gichuru, akampa wiki tatu amlete mbwa aonekane.

Kazi ya mchana! Kaleli alilala nusu saa tu siku hiyo kwa furaha. Angeweza hatimaye kula chakula cha jioni mezani kwake na kulala usiku kama binadamu wengine.

Mbwa alikuwa naye, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Alimpata kwa mwanafunzi mmoja wa Kahawa Wendani, aliyemnunua baada ya kuona video kwenye simu: mbwa wa Kibelgiji, wale polisi hutumia kunusa mizigo. Miezi kumi, rangi ya hudhurungi, mdomo mweusi kama aliyekula makaa, jina lake Dizeli. Mwanafunzi alipoliwa viatu, godoro na daftari za muhula mzima, akamtoa kwa kubadilishana na jogoo wawili. Mimi singemchukua hata kwa kuongezewa jogoo.

Jirani wa Kaleli, Mwas, akampa ushauri ule ambao kila mtu huku anao: mfungie mchana asizoee watu, umfungulie usiku awe mkali. Dizeli akafungiwa kwenye kibanda cha mabati. Siku ya tatu akatoka na mlango, ameubeba shingoni.

Kaleli akaona basi, huyu anahitaji kuchoka. Kila asubuhi akitoka kazini akawa anakimbia naye kando ya reli, kutoka Kimbo hadi mjini Ruiru na kurudi. Wiki ya kwanza mbwa alirudi akihema. Wiki ya pili alirudi akitafuta pa kwenda tena. Kaleli ndiye aliyepungua, suruali ikawa inashikiliwa na kamba ya katani, naye mbwa akaota misuli ya mkimbiaji wa kulipwa.

"Baba Nzioki," Ndinda akamwambia mlangoni wakipeana ufunguo, "unamtayarishia mashindano gani?"

Zilikuwa zimebaki siku saba alipokuja kwangu. Mimi nina mashine ya kusaga mahindi, na mbele yake kuna benchi la wateja kungojea. Kaleli alifika na debe begani na mbwa mkononi, au tuseme mbwa alifika na Kaleli mkononi. Kabla hajatua debe, Dizeli alikuwa amemzunguka Tausi, mteja wangu, akamfunga miguu kwa kamba, na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ikamwagika mahindi yote.

"Haiya! Kaleli, hii ni mbwa ama ni upepo?" Tausi akapiga kelele, ameshika ukuta.

"Dizeli! Tulia! Dizeli! Kaa! Dizeli, nimesema nini? Dizeli!"

Nilihesabu. Alimwita jina mara kumi na tisa, na kila akiitwa mbwa aliruka juu zaidi, macho yameng'aa, kama anayeshangiliwa uwanjani.

Nikamwambia, "Kaleli, wewe ungekuwa na duka ungelifunga ndani ya wiki moja."

"Kwa nini, Mama Beth?"

"Mteja akijua akipiga kelele unampunguzia, atapiga kelele kila siku. Huyu anaruka, unamlipa kwa kumwita jina. Anavuta, unamlipa. Akinyamaza, humpi hata jicho. Sasa anyamaze kwa faida gani?"

Akafikiria. Kufikiria kwake ni kuokota mahindi ya Tausi mbio mbio, na mbwa naye akiokota upande wa pili na kumeza.

Nikampa masharti. Sikumwonea huruma, mbwa anayeangusha wateja ananiharibia biashara, na Kaleli asiye na kazi ya mchana angeendelea kuja naye. Kila siku akitoka kazini aje akae mwisho wa benchi saa mbili nzima. Kamba aikanyage kwa mguu, fupi. Asiseme neno. Mbwa akiruka, aangalie barabara. Akilala mwenyewe, amdondoshee omena moja, yule dagaa mkavu, katikati ya miguu, bila sifa.

"Na mimi nifanye nini hizo saa mbili?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?" Alivyouliza, ungedhani nimemwambia asipumue.

Siku ya kwanza mbwa alitulia baada ya dakika arobaini. Kaleli hakutulia. Mama mmoja akaja na gunia, Kaleli akaruka kulipokea, mbwa akaruka naye. Bodaboda akakwama kwenye matope, Kaleli huyo, mbwa huyo. Mkanda wa mashine ukalia, akawa ameshafika ndani kabla yangu.

"Kaleli."

"Nilikuwa nasaidia tu, Mama Beth."

"Mbwa wako anakuangalia. Ukisimama anajua kuna kazi. Wewe hapa ndiye mwenye shida, yeye ni mwanafunzi wako tu."

Tausi, aliyekuwa akisubiri unga, akaongeza, "Na wewe tukudondoshee omena?"

Benchi zima likacheka. Kaleli akakaa. Akatia mikono chini ya mapaja, akaikalia. Akakaa hivyo hadi jasho likamtoka kwenye nywele, na mtu hata hajabeba kitu. Siku ya tatu wateja walianza kumjaribu. Mmoja aliangusha debe makusudi. Mwingine akauliza kwa sauti nani anajua kufungua boneti ya pikapu. Kaleli alifumba macho. Dizeli akamtazama, akaona hakuna habari, akaweka kidevu chini.

Siku ya sita nilimpata Kaleli amesinzia akiwa ameketi wima. Mbwa alikuwa amelala juu ya kiatu chake. Omena zilikuwa zimebaki mfukoni.

Siku ya kuonekana nilikuwepo, kwa sababu hilo ghala hununua pumba kwangu na nilikuwa nimepeleka magunia. Gichuru alikuwa na simu mbili na mteja mmoja mwenye hasira. Akamwonyesha Kaleli kiti cha plastiki langoni, akasema, "Subiri hapo, mzee," akaingia ndani. Akasahau, au alijifanya amesahau. Mimi ningejifanya.

Ilipita saa moja. Malori mawili yakaingia, yakatoka. Kuku walipita kwenye vizimba, wanapiga kelele. Dizeli aliinua sikio moja, akalishusha.

Kisha lori la tatu likaanza kurudi nyuma. Utingo alikuwa upande wa pili akiongea na msichana wa ofisi, na nyuma ya lori palikuwa na nguzo ya lango. Nilimwona Kaleli ameiona. Nilimwona anavyovimba shingo. Miguu ikajikunja tayari kuruka, na mbwa chini yake akakaza mgongo, macho juu, akingoja. Lori likasogea. Moyoni nikasema, hapo kwisha, arudi kulinda ploti.

Kaleli hakuinuka. Aliinua mkono mmoja tu, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayeagiza chai, "Dereva. Simama."

Lori likasimama. Kati ya bampa na nguzo ungepitisha ngumi. Mbwa akamwangalia Kaleli, Kaleli akaangalia barabara. Mbwa akarudisha kidevu chini.

Gichuru alikuwa mlangoni, simu zote mbili zimeshuka.

"Huyu mbwa hubweka kweli?"

"Akiwa na sababu, mkubwa."

"Na wewe?"

"Mimi nimeacha juzi."

"Njoo Jumatatu, saa moja asubuhi."

Kaleli akasema asante, akainuka polepole, akatoka langoni anatembea. Nilimfuata na mkokoteni wangu mtupu hadi barabarani. Alipopiga kona, asionekane na mtu wa ghala, alikimbia, yeye na mbwa wake, hadi nikaona vumbi tu.

Jumanne, siku ya pili ya kazi, Ndinda alikuja kusaga. Kwa kawaida huleta gorogoro moja, inamtosha wiki. Safari hii alileta tatu.

"Kuna wageni?" nikamuuliza.

"Wageni gani. Baba Nzioki amekula jioni nyumbani. Mama Beth, sikuwa najua huyu mtu anakula hivi."

Nikawasha mashine. Alitaka nimpunguzie bei kwa sababu ni tatu. Nikaangalia barabara.