Pini Laini za Mzee Reino

Bi Hulda alianza kumwaga habari hata kabla hajavua buti.

"Mama Signe, umesikia? Mzee Reino akili zinamtoka."

"Nani kasema?"

"Nimeona kwa macho yangu. Jana theluji haikudondoka hata chembe, yeye yuko juu ya kitrekta chake, anazunguka banda. Anazima, anaingia ndani. Hujamaliza kikombe cha kahawa, katoka, kawasha tena. Mtu mzima yule, anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

"Labda anajaribu injini."

"Injini imezaliwa kabla ya mama yako, unaijaribu nini?" Akaketi, akajimiminia kahawa mwenyewe. "Mimi nimeshampigia Lorna. Nimemwambia, njoo umwone baba yako. Jumapili anafika. Akimkuta hivyo, anamchukua. Huko mjini kwake kuna nyumba za wazee, joto masaa yote, theluji wanazoa watu wengine."

Lorna ndiye mtoto pekee wa mzee Reino. Nilimtazama Bi Hulda akipuliza kahawa yake, nikajua hakupiga simu kwa ubaya. Lakini baada ya kuondoka kwake sikuweza kutulia. Nilikunja nepi, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan, ziwa likiamua kututupia theluji halina adabu. Unalala njia ipo, unaamka njia haipo. Baba Signe hukata magogo porini, hurudi Jumamosi jioni kwa sauna, bafu letu la mvuke, na chakula cha moto, kisha anaondoka. Siku nyingine zote, anayenifungulia njia ni mzee Reino. Sijawahi kumwomba. Mwaka niliozaa alikuja tu na trekta lake jekundu la bustani, lile la kukatia nyasi kiangazi, sasa limevikwa minyororo magurudumuni na kufungwa mbele mashine ya kurusha theluji. Akapiga njia hadi mlangoni, akainua kofia, akaenda kwa jirani wa pili, mjane wa Kangas. Hapa mtu halipwi kwa hilo. Unampelekea mkate kwenye bakuli, naye analirudisha likiwa na samaki wa moshi.

Trekta lile alilinunua yeye na marehemu mkewe wakiwa vijana. Analo na pacha wake bandani, trekta jingine la aina ile ile, limekufa siku nyingi, analivua vipuri kimoja kimoja. Lililo hai alilitunza kama ng'ombe wa maziwa. Mafuta mepesi kabla ya baridi kuingia. Bomba la kurushia alilipaka mafuta ya kupikia ili theluji isigande. Na kila jioni alifungua nati za betri, akaibeba ndani, ikalala karibu na jiko. Nilikuwa namwona dirishani akivuka uwanja nayo, ameipakata kifuani.

Ndipo nikakumbuka. Majira haya ya baridi sikuwa nimemwona akibeba betri hata mara moja.

Na kulikuwa na jambo jingine. Greda la serikali likipita barabarani huacha tuta gumu mdomoni mwa kila njia, mabonge ya barafu na mawe. Hapo ndipo pini huvunjika. Mzee aliwahi kunionyesha moja: kijipini cha chuma laini kinachoshika mapanga ya mashine. "Hiki kazi yake ni kufa," aliniambia. "Mapanga yakikutana na jiwe, chenyewe kinakatika, giaboksi inapona. Pini ni ya bei ya peremende. Giaboksi, mwanangu, haitengenezwi tena." Miaka yote nilizoea kumwona akipiga magoti kwenye tuta langu, glavu kazishika kwa meno, akitia pini mpya. Theluji ikiyeyuka niliokota vipande vyake kwenye kokoto.

Mwaka huu hakupiga magoti. Alipita kwenye tuta moja kwa moja, mashine ikinguruma kwa sauti nzito nisiyoipenda.

Ijumaa theluji ya ziwa ikatuangukia. Asubuhi kibaraza kilikuwa kimefunikwa, na greda lilikuwa limeshapita. Signe alikuwa analia kwa kuota meno. Nilimbeba huku nikienda dirishani na kurudi, nikisikiliza. Trekta likasikika mbali, puta-puta-puta, na mtoto akanyamaza kama kawaida yake. Injini ile inambembeleza kuliko mimi.

Mzee aliingia kwenye tuta bila kupunguza mwendo. Kumbe greda lilikuwa limeng'oa nguzo ya sanduku langu la barua na kuifukia humo humo. Nilisikia mlio kama mfupa unavunjika. Mapanga yakasimama. Injini ikajikokota, ikazima.

Akakaa kitini bila kushuka.

Nilitoka na koti la mume wangu, Signe kifuani ndani yake. Nguzo ilikuwa imekwama katikati ya mapanga. Pale penye pini niliona kichwa cha bolti, kinang'aa, kizima kabisa. Giaboksi ilikuwa imepasuka, mafuta yanadondoka kwenye theluji.

"Mzee, hii si pini."

"Naiona."

"Umeweka bolti ngumu? Wewe?"

"Usinipigie kelele, mtoto atastuka."

"Mtoto hajastuka. Njoo ndani, kahawa ipo."

Jikoni hakutaka kuketi. Alikwenda mlangoni, akarudi, akatazama trekta, akatazama saa. "Mjane wa Kangas bado sijamfungulia. Ana miadi ya daktari."

"Nampigia Hulda sasa hivi, mwanawe ataenda na koleo. Keti, mzee wangu, unanizungusha kichwa."

Akaketi. Nilimpa kikombe, akakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Kisha nikampakatisha Signe ili nikakate mkate. Signe akakamata kidole chake cha shahada, akakivuta mdomoni, akakiuma kwa jino lake jipya. Jino lile mimi lilishanitoa damu. Mzee hakushtuka. Aliendelea kutazama nje, mpaka mtoto alipocheka ndipo akainama kuona anacheka nini.

"Ananing'ata?" akauliza.

Niliweka kisu chini. "Tangu lini, mzee?"

"Vuli. Kwanza vidole vya mwisho vilikufa ganzi, sasa vyote. Spana naishika, usukani naushika. Vitu vidogo ndiyo vinanishinda. Pini naidondosha kwenye theluji, nainama, naipapasa, sijui nimeshika pini au nimeshika barafu. Siku moja nimepiga magoti kwa mjane wa Kangas mpaka suruali ikaganda. Nikasema, basi, nitatia bolti isiyovunjika, niachane na magoti."

"Na nati za betri?"

Akanitazama. "Wewe unaona mambo, eh? Nati za betri siziwezi. Betri inalala nje. Nisipowasha mara kwa mara inakufa kwa baridi. Nikilala usingizi hauji, nawaza betri. Nikila, nawaza betri."

"Hulda anasema umechanganyikiwa. Unazunguka banda bila theluji."

"Hulda!" Akacheka mara moja, kicheko kifupi. "Mumewe alikuwa anazunguka banda akimkimbia yeye." Kicheko kikaisha. "Kampigia Lorna, sivyo?"

"Jumapili anafika."

Alimhamishia Signe kwenye goti la pili, akivitazama vidole vyake mwenyewe vinavyomshika, kuhakikisha vimeshika kweli.

"Ataona trekta limevunjika, ataona mikono," akasema. "Ya mikono nitamwambia mwenyewe. Sitaki ajue kwa Hulda. Lakini nikimwambia, nataka trekta liwe limesimama nyuma yangu linafanya kazi. Nikiwa na mikono mibovu na trekta bovu, anifungie mizigo tu. Ile giaboksi ya pacha ni nzima. Kuivua najua. Tatizo ni zile nati ndogo za ndani."

"Mimi shule niliishia ya msingi, mzee. Injini siijui."

"Nani amekuuliza injini? Nakuuliza vidole."

Nje upepo ulikuwa umeanza kufukia trekta, wekundu wake ukibaki kwenye kiti na usukani tu. Alisimama na mtoto, akaenda dirishani, akarudi.

"Njoo bandani kesho asubuhi. Jiko nitaliwasha, kapu la Signe tutaliweka karibu. Mimi nasema, wewe unakaza. Na jioni, kama huoni taabu, ukavuke uwanja unifungulie betri."

"Sioni taabu."

"Kuna jingine." Akanirudishia mtoto polepole, hakuachia mpaka alipoona mikono yangu yote miwili imemshika. "Juu ya rafu, upande wa dirisha, kuna kopo la kahawa limejaa bolti ngumu. Ukiingia tu, kabla hujavua koti, lichukue. Kalifiche kwako, na wala usiniambie umelificha wapi. Pini zikinishinda nitakuja kukuomba, mwanangu, najijua. Usinipe."