Mgongo wa Bibi Ndani ya Mashine

Mjomba wangu analipwa kwa kubonyeza watu. Mtaani anaitwa Bonyeza, naye anaitika bila kinyongo.

Chuoni kwao kuna mashine ambayo wanafunzi wa udaktari wanajifunzia kuchoma sindano ya mgongo. Ukivaa miwani yake unamwona mgonjwa amelala ubavu, amejikunja. Mgonjwa hayupo. Lakini vaa na glavu, mpapase: mota ndogo zinasukuma vidole vyako mpaka unaapa umegusa mtu. Mjomba ndiye anayeamua ngozi ile iwe laini au ngumu kiasi gani, na ili asikosee anabonyeza watu halisi kwa kipimo chenye umbo la kalamu. Mgongo wa kijana uliomo mle ni wangu. Sijalipwa, ila najivunia.

Mgongo wa mzee aliukisia tu. Daktari anayesimamia mafunzo akaupapasa, akavua glavu polepole.

"Fundi, hili ni godoro jipya. Nikiwafundishia hili wataenda kuwachoma wazee wa watu mifupa. Ijumaa narudi. Nikilikuta bado godoro, mashine inarudi ilikotoka, na wewe utajua pa kwenda."

Mzee wa kubonyezwa tunaye mmoja: bibi, mama yake mjomba.

"Mama, nikubonyeze mgongo kidogo tu."

"Kwani mimi parachichi?"

"Ni kazi, mama."

"Marehemu baba yako alifanya kazi maisha yake yote, hakuwahi kumbonyeza mtu."

Mama yangu alicheka mpaka akatoka nje. Mjomba hakucheka. Alikaa akikizungushazungusha kipimo mkononi, akasema daktari yule hana mzaha.

"Sasa wakikufukuza," bibi akauliza, "utahamia hapa?"

"Nitahamia wapi tena, mama?"

Bibi akageukia ukuta, akapandisha blauzi.

"Bonyeza."

Mjomba akabonyeza, pingili moja baada ya nyingine. Ngozi ilikuwa ikiteleza juu ya mfupa kama kitambaa juu ya meza. Alipofika katikati akasimama.

"Mama, umekonda hivi tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unabonyeza wengine. Maliza, nasikia baridi."

Ijumaa nilitoka shule nikapitia chuoni, nikasimama karibu na mlango. Daktari alivaa miwani na glavu, akapapasa hewa. Akarudia. Akapata upenyo kati ya pingili mbili, akashika sindano, akaisukuma taratibu mpaka ikaingia. Kisha, mbele ya kitanda kisicho na mtu, akasema, "Pole, bibi. Tumemaliza."

Akavua miwani, akatuangalia kama sisi ndio tuliosema.

"Iache hivyohivyo," akamwambia mjomba. "Usiiguse."

Basi mashine ikabaki, na mjomba akabaki nayo. Siku hizi wanafunzi wanamchoma bibi tangu asubuhi. Mjomba akipita nyumbani jioni, hata hajaketi, anaulizwa.

"Leo wamenichoma wangapi?"

"Darasa zima, mama."

"Na waliogonga mfupa?"

"Wawili."

"Ndiyo maana," bibi anasema, akijishika kiuno. "Waambie wapapase kwanza, wasiwe na papara. Haya, niletee mto niegemee."

Mjomba, mwenye shahada zake zote, anainuka kuufuata mto.