Jaribu, Mfasiri wa Sinema

Umewahi kumwona mtu aliyekatwa panga kwa sababu ya sinema? Mimi sijamwona. Nimemwona tu aliyehukumiwa kwa hilo.

Jaribu alizaliwa Kengeja. Babu yake ndiye aliyetoka bara. Jaribu alijenga na kulima muhogo kwenye shamba la Mzee Mbarouk. Gari la sinema lilipokuja, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti akiwafasiria watu. "Huyu mwivi wa farasi katoka Gando," alikuwa akisema, na wageni waliotoka Gando wakicheka kuliko wote.

Mwaka ule wa uchaguzi, kijana mmoja, Shaame, alimkata mwenzake Kificho bega kwa panga. Waligombana kisimani: Mzee Mbarouk alikuwa amepiga marufuku watu wa chama kingine kuteka maji yake. Kila mtu alilijua hilo. Lakini mkutano ulipoitwa, kilichotajwa kilikuwa sinema.

"Jicho ndilo mwalimu wa mkono," alisema Mzee Mbarouk, kwa upole. "Vijana wameona mauaji, wameiga."

Nilisimama. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwezi huohuo. Nikaeleza kuwa wataalamu wenyewe wanabishana: wapo wasemao kutazama mapigano hufundisha kupigana, wapo wasemao hupoza hasira, na hakuna aliyethibitisha.

"Mwalimu," aliniuliza Duni, mvuvi, "hao wataalamu wanateka maji kisima kipi?"

Watu wakacheka. Mimi nikapendekeza iundwe kamati ya uchunguzi. Kamati, na kisima kilikuwa hatua arobaini kutoka tulipoketi. Nilikiona, sikukitaja.

Jaribu alikitaja.

"Mzee, mie nimewaonesha bastola. Kificho kakatwa kwa panga, tena kisimani kwako. Hayo kawafundisha nani?"

Hakuna aliyecheka.

"Hayo unayasema ukiwa umekaa kwenye shamba la nani, Jaribu?"

"Lako, Mzee."

"Basi tumeelewana."

Mkutano ukafungwa kwa dua. Nami niliitikia amina.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa Jaribu nikienda skuli. Vijana wanne walikuwa juu ya nyumba yake wakishusha makuti. Mkewe, Bi Mwanawema, alikaa uani juu ya kinu kilicholazwa, ameukumbatia mkeka. Jaribu mwenyewe alikuwa akifunga vyombo kwa kamba. Chini ya paa alisimama Mzee Mbarouk, akiyapokea makuti mojamoja na kuyapanga vizuri kando ya njia, yasivunjike.