Vikofia Vinane vya Chumvi

Saa tisa na nusu alasiri mvua inakatika mjini Belém, kaskazini mwa Brazili. Odineia Furtado anavua mfuko wa nailoni kichwani, anakung'uta mwavuli wa kigari chake na kufunua chungu. Mvuke unampanda usoni. Wateja wanne wameshapanga foleni, lakini macho yake yako kwenye kona ya barabara.

"Dada Odi, unamngoja mchumba?" anauliza Ivanilde, muuguzi anayepita hapa kila atokapo zamu.

"Namngoja hakimu. Shika kibuyu chako, usiniletee maneno."

Odineia, mwenye miaka hamsini na minane, anauza takaka mbele ya duka hili la vitambaa kwa mwaka wa thelathini na moja. Ni supu ya majimaji ya mihogo michungu, yaliyochemka nusu siku mpaka sumu itoke. Ndani huweka wanga uliopikwa ukawa mzito, kamba wakavu, na majani ya jambu yanayotia midomo ganzi. Hunywewa ya moto, joto lote hili, bila kijiko. Ukiomba kijiko, watu wanajua umeshuka uwanja wa ndege asubuhi.

Kibuyu kimoja ni reali ishirini na tano. Siku njema huuza sitini, na hivyo vibuyu ndivyo vilivyosomesha mabinti wawili.

Mwezi wa tano alishikwa na mafua makali. Homa ilipoondoka, iliondoka na pua na ulimi.

"Nilitafuna kitunguu kama natafuna karatasi," anasema. "Sikumwambia mtu. Mpishi hasikii ladha, hilo utalianzia wapi kulisema?"

Akaendelea kupika kwa mazoea. Miaka yote alitia chumvi kwa mkono, akaonja, akaongeza. Sasa akawa anaonja, hasikii kitu, anaongeza. Akasahau kwamba kamba nao wana chumvi yao. Wateja hawakusema neno. Walianza tu kupita upande wa pili wa barabara. Wiki moja vibuyu vilishuka hadi kumi na vinane kwa siku, na jirani anayeuza chapati za tapioka akaanza kuulizia nafasi yake ya kuuzia.

Aliyesema ni mzee Waldomiro, fundi cherehani mstaafu, mteja wa miaka ishirini. Huyu akimaliza hukifudikiza kibuyu, na tone halidondoki. Siku ile alikirudisha kimejaa nusu.

"Odi, leo umepika bahari."

"Mzee, pua yangu imekufa," alimjibu, na machozi yakamtoka mbele ya wateja.

Belém watu hawapangiani miadi kwa saa. Ni kabla ya mvua au baada ya mvua, maana hunyesha kila alasiri. Kesho yake Waldomiro alikuja kabla ya mvua, akalamba mwiko, akasema ongeza, basi, acha hapo. Alifanya hivyo wiki sita.

"Nilishukuru, lakini aibu ilinila," anasema Odineia. "Mtu mzima naazima ulimi. Na akiugua yeye, je?"

Ndipo mzee alipomletea kastabini yake, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni asichomwe na sindano.

"Nimeshona suruali miaka arobaini," alimwambia, "sijakisia kiuno cha mtu hata siku moja. Wewe chungu chako unakikisia kwa nini?"

Odineia alinuna siku mbili. Kwake, kupima ni kwa wanaojifunza. Siku ya tatu akaanza kuhesabu: kamba walowekwe, maji yabadilishwe mara tatu, chumvi vikofia vinane, kila kimoja kisawazishwe kwa kisu.

"Jambu tu ndiyo bado naisikia," anasema akigusa midomo. "Ladha sina, ila ganzi inakuja. Najua mdomo wangu bado uko kazini."

Leo hakuna aliyeonja. Jana alimkataza mzee asije mapema. Kibuyu kikirudi na supu, amesema, nafasi hii anamwachia jirani.

Waldomiro anatokea, suruali kaikunja kukwepa madimbwi. Anapokea kwa mikono miwili, anapuliza, anakunywa. Ivanilde kashikilia chake hewani, hakishushi wala hanywi. Mzee anamchoma kamba wa mwisho kwa kijiti, anatafuna polepole, kisha anafudikiza kibuyu.

Halidondoki tone.

"Kaonja nani?"

"Hakuna."

"Vikofia vingapi?"

"Vinane."

"Basi hicho ndicho kiuno chake."

Odineia anageuka kuchochea moto ambao hauhitaji kuchochewa. Oktoba, maandamano makubwa ya Bikira yakipita mwisho wa mtaa huu, anataka kuweka vyungu vitatu. Vikofia ishirini na vinne, ameshapiga hesabu. Daktari kamwambia pua huenda ikarudi, huenda isirudi.

"Ikirudi, nitaikaribisha," anasema. "Itanikuta napika."

Mzee anafuta midomo iliyokufa ganzi. "Na kesho nije lini?"

"Baada ya mvua," anamjibu, akiosha kibuyu chake. "Kama watu wengine. Na ulipe."