Sauti Iliyoitikia kwa Bwana Shee

Mimi si mtu wa kuamini majini. Niulize habari za nyaya, betri na pampu, nitakujibu mpaka uchoke. Watu wakisimulia mashetani barazani, mimi huwa wa kwanza kucheka. Kwa hiyo ninayokueleza sikuyasikia kwa mtu. Yalinikuta saa saba mchana, jua la utosi, na Bi Maimuna wa Siyu aliyekuwa nami yu hai.

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya pampu za sola. Nakaa Amu, yaani Lamu mjini, lakini visima nilivyovifungia pampu vimetapakaa visiwani. Kule Siyu nilifungia kimoja nje ya mji, kwenye shamba alilolilinda Bwana Shee, mzee aliyefiwa na mke, mkali wa maneno, hafungui mlango mpaka apende mwenyewe. Kisima kile ni kama vingi vya kwetu: maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa kiasi unakunywa. Ukivuta bila kupumzika chumvi inapanda, na ikipanda haishuki leo wala kesho. Ndiyo maana niliweka kibao chenye programu ya kupima kina cha maji na kuzima pampu kwa wakati wake.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Programu nayo huweza kuzubaa ikakwama. Ndani ya kibao kuna kisaa tunachokiita mlinzi. Programu ikimaliza kazi zake zote humgusa mlinzi, maana yake nipo. Asipoguswa kwa sekunde kadhaa, mlinzi huzima kila kitu na kukiwasha upya. Siku ile ya kufunga, kipimo cha kisima kilikuwa kizito kujibu, programu ikachelewa kumgusa, mlinzi akawa anawasha upya kila mara. Dawa yake ilikuwa kumwongezea muda na kuipangia programu mwisho wa kusubiri. Lakini maji yalikuwa yanakupwa mkondoni na nahodha wa boti ya kunirudisha Amu ananipigia kelele. Nikafanya uvivu. Nikaacha mlinzi aguswe na kengele ya ndani, ile inayolia kila sekunde hata programu ikiwa imezimia. Taa ya kijani nayo nikaifunga kwenye kengele hiyo hiyo. Mlinzi akatulia, nikaondoka nimefurahi. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto, wenyewe hatusikii.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Bi Maimuna, bintiye Bwana Shee, akanipigia simu.

"Fundi, mai yamekuwa munyu. Ndoo yeo."

"Chumvi? Nitakuja leo leo. Baba anasemaje? Si angezima pampu?"

"Baba ana ghadhabu zake. Tangu yuzi nikibisha hodi hunijibu naya, naya, kisha hatoki."

Nikapanda boti mpaka Faza, nikachukua pikipiki mpaka shambani. Nilimkuta Bi Maimuna amesimama na sahani ya wali na samaki. Mlango wa mzee umefungwa kwa ndani. Nikabisha hodi.

"Karibu! Naya."

Sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wake. Basi mtu akikwambia naya, yaani naja, utafanya nini? Kwetu ukibisha mara tatu usijibiwe, unarudi. Ukijibiwa, unangoja. Nani mwenye adabu atakayesukuma mlango wa mtu aliyekwisha kuitika? Bi Maimuna akaweka sahani barazani.

"Hula nikiondoka," akasema. "Sahani narudi nazo tupu."

Nikaenda kwenye pampu. Inanguruma, taa ya kijani inapepesa raha mustarehe. Nikaonja maji, nikayatema. Nikachomeka kompyuta. Programu ilikuwa imekwama siku mbili nzima, inasubiri jibu la kipimo ambacho waya wake umeliwa na kutu. Imekufa, na kengele inaendelea kumwambia mlinzi: nipo, nipo, nipo. Nikazima pampu. Niliona haya, usifanye mchezo.

Nikarudi mlangoni kumweleza mzee.

"Hodi!"

"Karibu! Naya."

Nikasimama pale pale. Ile "naya" ilipanda mwishoni vile vile kama mwanzo, na mkwaruzo mahali pale pale. Nikabisha tena. Ikaja ile ile, haikuzidi wala kupungua. Wakati huo paka akaruka barazani akaanza kula samaki wa sahani, sisi wawili tunamtazama. Bi Maimuna akajiziba mdomo kwa mkono.

"Bwana Shee," nikaita, "bintiyo anaitwa nani?"

"Karibu! Naya."

Nikafungua kinywa nibishe tena, na wallahi, kabla hodi haijanitoka, sauti ikanitangulia: "Karibu! Naya."

Nilichukua spana kubwa nikapiga mlango penye komeo. Kila pigo sauti inaitika, bila hasira, bila kuuliza ni nani anayevunja mlango. Nilipotia mguu ndani ikakatika katikati ya neno.

Bwana Shee alikuwa chini kando ya kitanda, mdomo umepinda upande, ulimi umekufa. Macho wazi, yanatutazama, machozi yanamtoka. Mtu yule asingeweza kusema hata "a". Chumba ni kimoja, dirisha dogo hata kuku hapiti, hamna redio, simu imezima. Sasa niambie wewe, nani alikuwa akituitikia?

Hospitalini walisema ni kiharusi, kimempiga siku mbili nyuma, na lau tungemleta mapema mambo yangekuwa mengine. Hakusema tena. Siku niliyokwenda kumwomba radhi ya kisima, aliomba kalamu kwa ishara. Akaandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za Kiarabu kama walivyofunzwa wazee wa kule, na Bi Maimuna akanisomea: "Nalimsikia akiwarudisha. Kila mara." Nikatoka nje nikalia.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Kisima hakijatengemaa, watu wa pale wanateka maji mbali, na dhambi hiyo ni yangu. Nimezunguka visima vyangu vyote nikavirekebisha: mlinzi aguswe na programu yenyewe, tena baada ya kumaliza kazi zake zote. Nilidhani yamekwisha.

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani magharibi, nikamkuta mke wangu amenuna.

"Nimekuletea chai alasiri, nimebisha mlango wa chumba chako cha kazi mara mbili," akasema. "Ukanambia naya, kisha hukuya."

Alasiri ile nilikuwa Shela, nafunga betri za watu. Sikumwambia. Ningemwambiaje?

Basi wewe unayenisikiliza, usiridhike na mtu kuitika. Mwulize jambo la siku hiyo, mshike mkono, mtazame usoni. Na ukipita kwangu Amu ukabisha hodi, ukaitikiwa nisitoke, adabu iweke kando. Vunja mlango uingie.